Tega, Nitegue: Mchezo wa Kuwaonyesha Watoto Sanaa ya Nairobi

Wazazi wenzangu wakisikia kwamba huwa nawatembeza wanangu mjini kutazama sanaa, swali lao la kwanza ni kiingilio. Ni pesa ngapi, na je, watoto wa umri huo huruhusiwa? Huwajibu kwamba mara nyingi hatulipi chochote, maana tunachotazama kiko barabarani: sanamu, kuta, matatu za abiria, vibao vya vinyozi. Nairobi ina makumbusho mazuri na nitayafikia, lakini mtoto wa miaka minne au saba si lazima aanzie huko. Kwanza azoee kutazama. Kisha ajue kwamba kile anachokitazama kilitoka katika mikono ya mtu, na huenda mtu huyo anaishi mji huu huu. Hilo la pili ndilo ninalolijali kuliko yote.

Mchezo wetu ni vitendawili. Kabla ya kutoka nyumbani nachagua vitu vitatu au vinne, kila kimoja na kitendawili chake. Tukikaribia mtaa wenyewe nasema, "Kitendawili!" Nao huitikia, "Tega!" Ndipo natega: "Simba wawili wanalinda vitabu na hawajawahi kulala." Kuanzia hapo kazi ni ya macho yao. Atakayeona kwanza hapati pointi wala peremende. Anaonyesha kwa kidole, kisha anataja jambo moja kuhusu kitu hicho, na mwenzake anataja jingine ambalo halijatajwa. Wakishindwa kabisa naomba mji. "Nipe mji." "Nenda Kisumu!" Basi nimeenda Kisumu, nimekula samaki nikashiba, nimerudi, na jibu ni lile pale.

Simba hao ni wa mawe, nao wako mlangoni pa Maktaba ya McMillan katika Mtaa wa Banda, jengo lililofunguliwa mwaka 1931. Ukitaka pa kuanzia, anzia hapo. Mnyama hahitaji maelezo, na mtoto mdogo kabisa ana la kusema juu ya makucha na mkia. Tena kitendawili cha pili kiko jirani: "Warefu wawili hawana midomo, lakini mara tano kwa siku wanaita watu." Ni minara ya Msikiti wa Jamia. Mara ya kwanza kijana wangu aliiona haraka, kisha akabaki ameduwaa mbele ya kuba, akitaka kujua fundi alizipandaje hadi kule juu. Nilimwacha aduwae. Ukiona mtoto amesimama mwenyewe mbele ya kitu, usimharakishe kwenda kwa kinachofuata, hata kama vitendawili ulivyoandaa vitabaki.

Sanamu za katikati ya mji zinataka uangalifu zaidi, kwa kuwa nyingi zimebeba historia nzito. Kwenye Barabara ya Kenyatta wamesimama wanaume watatu wa shaba tangu miaka ya 1920, ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika na Kiarabu waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kitendawili chake ni rahisi: "Watatu wamesimama karibu miaka mia, mmoja hana bunduki." Asiye na bunduki ni mpagazi, na binti yangu ndiye aliyemtambua. Huyo ndiye ninayetaka wamkumbuke. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na magonjwa katika vita vile, na majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Kisha kuna Dedan Kimathi, katika mtaa wenye jina lake. Sanamu hiyo ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu serikali ya kikoloni imnyonge, na mchongaji wake ni Kevin Oduor. Wazazi wengine huniuliza kama inafaa kumwonyesha mtoto mtu mwenye bunduki na kisu. Kwangu inafaa, mradi umpe nafasi ya kutazama kwanza. Waache waseme wanachokiona: nywele za misokoto, magwanda ya kijeshi, silaha, jinsi alivyosimama. Maswali yakija, jibu kwa ufupi na kwa ukweli: nchi yetu ilikuwa imechukuliwa, huyu alikuwa miongoni mwa waliopigana ili irudi, na waliompinga wakamuua. Watoto huyabeba maneno hayo vizuri kuliko tunavyodhani. Lakini usiondoke bila kutaja jina la mchongaji. Mimi hulitaja sambamba na jina la shujaa, kila mara, mpaka siku hizi kijana wangu akiona sanamu asiyoijua huuliza, "Na huyu ametengenezwa na nani?" Swali hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta.

Ukitoka hapo, Tom Mboya, yule mwanasiasa aliyeuawa akiwa waziri, hayuko mbali. Anasimama kwenye Moi Avenue, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, amevaa vazi refu la kupepea. Kwa watoto wadogo mlango wa kuingilia ni ndege: "Wana miguu mirefu, wako mjini, na hawajaruka hata siku moja." Wanapowatafuta wale heroe wa chini, macho yao hupanda yenyewe hadi kwa mtu aliye juu.

Baada ya muda watatega wao. Usiwarekebishe. Mbele ya KICC, lile jumba la mikutano ya kimataifa, kuna sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta aliyeketi, kazi ya mchongaji Mwingereza James Butler iliyozinduliwa mwaka 1973. Tulipokuwa tukiitazama binti yangu alikaa kimya kidogo, kisha akamtegea mdogo wake: "Babu amekaa kitini, hata wimbo wa taifa ukiimbwa hasimami." Mtoto aliyetunga hivyo ameona mkao, ameona hadhi, na ameunganisha na gwaride la asubuhi shuleni. Hakuna zoezi la kuchora nyumbani linaloweza kunihakikishia hayo yote.

Matatu ni habari nyingine kabisa, nami nazipenda kwa moyo wote. Tuliokuwa hapa mwaka 2004 tunakumbuka kanuni za matatu za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza na magari yakapakwa mstari wa manjano, michoro mingi ikatoweka. Ilirudi, na leo magari yale ambayo vijana huyaita nganya hupita Jogoo Road au kuelekea Rongai yakiwa yamejaa nyuso, herufi na taa. Kitendawili kimoja hutosha kwa safari nzima: "Nyumba yangu ina rangi zote, inapita ikiimba." Mkiwa mmekwama kwenye foleni, mpe kila mtoto kitu cha kutafuta: herufi zinazofanana na moto, uso ambao macho yake yanakutazama wewe, rangi ambayo haiko kwenye gari jingine lolote. Mtazamie dirishani au mkiwa mmesimama mbali na barabara. Steji yenye shughuli si mahali pa kumwachia mtoto mkono. Baadhi ya michoro haifai macho ya watoto, na hapo mzazi huhamisha kitendawili upande wa pili wa barabara bila hotuba.

Msidharau mtaani kwenu pia. Vichwa vilivyochorwa kwenye ukuta wa kinyozi, ng'ombe wa bucha, nyanya na sukumawiki kwenye kibanda cha mboga: aliyevichora alisimama pale na brashi na mikebe ya rangi, na mara nyingi mwenye duka anamjua. Ulizeni. Sisi tuliuliza kwa kinyozi wetu, na kumbe mchoraji hupita hapo kila wiki. Alimwonyesha kijana wangu jinsi anavyoanza na mistari ya chaki kabla ya kugusa rangi. Tangu siku hiyo mtoto huyo hutafuta chaki iliyosahaulika pembeni mwa kila mchoro.

Watoto wakishazoea, sasa wapeleke ndani ya majengo. Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi yana mfano wa tembo Ahmed wa Marsabit kwa ukubwa wake halisi. Huyu ni yule ambaye Rais Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri maalumu na aliyekufa mwaka 1974. "Mzee wa Marsabit, meno yake yanakaribia ardhi." Ndani kuna ramani ya Kenya iliyotengenezwa kwa vipepeo, na hiyo huwashika hata wasiopenda kusimama. Jengo la Nyaraka za Kitaifa kwenye Moi Avenue lina mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Ni mahali patulivu, pazuri kwa watoto waliokwishajifunza kutogusa. Kwa walio wadogo zaidi napendelea Makumbusho ya Reli, kwa sababu ya mabehewa. Vyumba viwili au vitatu kwa siku vinatosha. Wakianza kuvuta mkono, ondokeni.

Lakini kama una siku moja tu, ningekushauri uitumie kwa wasanii wenyewe. Katika kituo cha sanaa kiitwacho Kuona, kule Kilimani, wachoraji na wachongaji wana studio zao mahali pamoja, na mgeni anaweza kuwakuta kazini. Piga hodi, omba ruhusa, salimia, na mwache mtoto aulize. Katika Soko la Maasai, ambalo huhamahama kulingana na siku ya wiki, mwombe muuzaji wa vinyago vya jiwe la Kisii amwambie mtoto lilivyotoka eneo la Tabaka, kule Kisii: linachongwa, linasuguliwa kwa msasa na maji mpaka lilainike, halafu linapakwa nta. Mtoto akiruhusiwa kulishika na kuhisi ubaridi wake, amejifunza kitu ambacho picha haiwezi kumfundisha. Nunua hata kitu kidogo, kwa kuwa muda wa muuzaji ni kazi yake.

Nyumbani tunacheza nusu ya pili. Nimewaonyesha picha za miwani ya Cyrus Kabiru, msanii wa hapa Nairobi anayeunda miwani ya ajabu kwa vyuma na vitu vilivyotupwa. Sasa vifuniko vya soda na vipande vya waya havitupwi tena kwetu. Waya nakata mimi na ncha nazikunja mimi. Mengine yote ni yao.

Jambo la mwisho, na liko kwenye njia ya kila mzazi atakayeanza mchezo huu. Kuta za Nairobi hupakwa rangi upya. Mchoro mlioupenda mnaweza kuukuta umefunikwa na tangazo la simu au rangi moja kutoka juu hadi chini. Kwetu alikuwa ndege mkubwa wa buluu karibu na shule, na binti yangu alilia kwa uchungu mkubwa. Nilimwambia ukweli: kuta zina wenyewe, na wachoraji wa barabarani wanalijua hilo wanapoanza kazi. Kisha alimchora yule ndege kama alivyomkumbuka, akakosea rangi ya mkia, akabishana na mdogo wake mpaka wakakubaliana. Kwa hiyo piga picha siku ile ile mnapoona, na tazameni pembeni chini, ambako wachoraji wengi huweka jina lao. Ukiwa na jina unaweza kumtafuta mtandaoni, ukajua ukuta gani anachora sasa, na mkaenda kumwona huko rangi ikiwa bado mbichi.