Fimbo za Mlimani: Anza na Mkanda wa Mkono

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba kila akishuka mlima mikono inamuuma kuliko magoti, na sasa anataka kuachana na fimbo kabisa. Asiziache. Mikono kuuma mara nyingi husababishwa na kuukaba mpini, na anayeukaba mpini kwa kawaida amevaa mkanda vibaya.

Mkono hautumbukizwi kwenye kitanzi cha mkanda kutoka juu. Upitishe kutoka chini kwenda juu, kisha ushushe na kushika mpini pamoja na mkanda wenyewe, mkanda ukipita kati ya kidole gumba na kiganja. Hapo uzito unabebwa na mkanda, vidole vinabaki kuongoza fimbo tu. Hakikisha hivi: kandamiza chini, kisha legeza vidole vyote. Mkono ukiteremka chini ya mpini, fupisha mkanda.

Halafu urefu. Simama pa tambarare ukiwa umevaa viatu vya safari, ncha ikiwa kando ya mguu. Rekebisha fimbo hadi, ukishika mpini, kiwiko kikunjike nyuzi 90. Kwa fimbo ya vipande vitatu, kipande cha chini kipange mara moja ukiache hapo, marekebisho ya njiani yafanyie kipande cha juu. Usivuke mstari ulioandikwa STOP kwenye bomba hata kwa sentimita moja. Ukiuvuka, sehemu ya bomba inayobaki ndani ya lenzake ni fupi mno, na hapo ndipo fimbo inapopinda au kukatika.

Huo ni urefu wa tambarare, na wengi hawaugusi tena hadi jioni! Mlima ukiwa mrefu, punguza sentimita 5 hadi 10, uchomeke ncha karibu na mguu na kusukuma; fimbo ndefu inainua mabega na kuyachosha bure. Kwenye mteremko ongeza kiasi hichohicho, na ncha itangulie kugusa ardhi kabla ya mguu. Ukikata ubavuni mwa mlima, fimbo ya upande wa juu iwe fupi kuliko ya bondeni.

Fimbo ikijifupisha yenyewe, tazama kifungio kinachozuia vipande visiteleze. Cha kubana kwa kibawa kina skrubu: kaza robo mzunguko, funga, kisha iegemee kwa uzito wako kabla ya kuondoka. Kibawa kikijifunga bila ukinzani wowote, bado kimelegea. Cha kuzungusha huteleza kwa sababu ya vumbi na maji ndani ya bomba. Chomoa vipande, futa kwa kitambaa kikavu, na usipake mafuta kamwe, kwani kinachoshikilia pale ni msuguano.

Kwenye mawe makubwa au ukivuka mto, toa mikono kwenye mikanda. Ncha ikinasa ukaanguka, mkanda utauvuta mkono wako na unaweza kuutegua. Iliyonasa irudishe ilikoingilia, usiipinde pembeni: alumini hupinda na mara nyingi utafika nayo, lakini kaboni hukatika ghafla.

Ukirudi, tenganisha vipande vyote na uviache vikauke usiku kucha kabla ya kuviunganisha tena. Unyevu ukibaki ndani, kutu huanzia kwenye kifungio.