Uwatu: Ukiloweka, Kula na Punje Zake

Uwatu, zile mbegu chungu za manjano ambazo Kiingereza huziita fenugreek, haukosekani katika nyumba nyingi za Mombasa, lakini wanaoutumia wakapata faida yake ni wachache. Mtu huloweka kijiko usiku, asubuhi anachuja, anakunywa maji, punje anazimwaga. Hapo amemwaga dawa akanywa rangi yake. Kinachosaidia sukari na choo ni ule utelezi unaotoka punje ikilowana, na sehemu yake kubwa hubaki ndani ya punje. Utelezi huo ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini. Zikifika tumboni hukifanya chakula kiwe kizito na kishuke polepole, sukari ikaingia kwenye damu kidogo kidogo badala ya kupanda kwa mkupuo. Juu ya hayo, karibu robo ya uzito wa uwatu ni protini, na hiyo nayo haipatikani kwa kunywa maji yaliyochujwa.

Ukienda Marikiti au kwenye maduka ya viungo ya Mji wa Kale, nunua punje, usinunue unga. Unga huwezi kujua umesagwa lini wala umechanganywa na nini. Punje nzuri ni za manjano yaliyokolea, ngumu kama kokoto, na hazinuki sana mpaka uzivunje. Ukiona vumbi limejikusanya chini ya mfuko au punje zina matundu, wadudu wameshaingia, waachie wenyewe. Robo kilo inatosha. Iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, maana kwa unyevu wa hapa kwetu mfuko wa plastiki uliofungwa fundo hauzuii kitu. Ukihitaji unga, saga wa wiki moja tu. Ukikaa zaidi hushika maji, hugandamana na kuota kuvu. Na kabla ya kuloweka, zimwage punje kwenye sinia uzichambue, kwa sababu changarawe zake zina rangi ileile na zimeshavunja meno ya watu.

Sasa kipimo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua karibu gramu 4 za punje, na kijiko cha mezani karibu gramu 11. Majaribio mengi yaliyofanywa kwa watu wenye kisukari yalitumia kati ya gramu 5 na 25 kwa siku, na kipimo kikiwa kidogo sana matokeo huwa hafifu. Hata pale uwatu uliposaidia, ulishusha sukari kwa kiasi tu. Haukuchukua nafasi ya dawa. Anza na kijiko kimoja cha chai kwa wiki nzima, kisha panda taratibu mpaka kijiko kimoja cha mezani. Anayeanza na vijiko vitatu kwa pupa hujaa gesi, huhara, halafu anasema uwatu haumfai.

Osha punje mara mbili, tia kwenye glasi ya maji safi ya kunywa, funika, ziache saa 8 hadi 12. Usiku wa joto kali weka kwenye friji, la sivyo asubuhi maji yatakuwa yameanza kuchacha. Punje zikishavimba na kulainika, zitafune pamoja na maji yake dakika chache kabla ya mlo wenye wanga: wali, chapati, mahamri. Wakati huo ndio utelezi unafanya kazi, kwa sababu unakutana na chakula chenyewe. Ukila uwatu saa nne na wali ukala saa saba, umeachanisha viwili vilivyotakiwa kukutana. Uchungu ukikushinda, changanya na mtindi usio na sukari. Na unywe maji ya kutosha, kwani uwatu mkavu unavuta maji sana na unaweza kufunga choo badala ya kukifungua.

Ukitaka uwatu uliochipua, upike. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko mkubwa wa ugonjwa wa kuhara damu ulioua watu kadhaa, na uchunguzi ulielekeza kwenye mbegu za uwatu zilizochipuzwa na kuliwa mbichi. Joto na unyevu vinavyootesha chipukizi ndivyo vinavyozalisha vijidudu.

Hapa pa dawa tusiharakishe. Ukitumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya glibenclamide, uwatu unaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Mweleze daktari au muuguzi wa kliniki yako kabla ya kuanza, na upime sukari mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo. Jasho jembamba, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, kizunguzungu: pima. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, kisha pima tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza au aliyezimia usimtilie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Mwezi wa Ramadhani si wakati wa kuujaribu uwatu kwa mara ya kwanza, kwani ukila wakati wa daku, sukari ikashuka mchana, utakuwa mbali na chakula. Vidonge vyovyote unavyomeza viachanishe na uwatu kwa saa 2, maana utelezi unaweza kuvichelewesha. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, asiuguse kama dawa bila ruhusa ya daktari, kwani damu inaweza kuwa nyepesi mno. Na mwili ukikataa karanga au dengu, uwatu ni wa jamii hiyohiyo.

Kwa mzazi, yaani mama aliyejifungua karibuni, uji wa uwatu ni desturi nzuri kwa sababu ni chakula cha moto chenye nguvu. Loweka vijiko viwili vya mezani usiku, mwaga maji hayo kupunguza uchungu, chemsha na maji mapya vikombe vitatu mpaka punje zipondeke kwa kidole. Tia unga wa mchele uliokorogwa kwa tui la pili, iliki na mdalasini, na mwisho tui zito. Likishatokota kidogo epua, lisikatike. Gawa uji huo kwa siku mbili. Kuhusu maziwa kuongezeka, majaribio hayajakubaliana. Linaloyaongeza kwa hakika ni mtoto kunyonya mara kwa mara na kulimaliza titi. Jasho na mkojo vikinuka kama sukari iliyoungua, ni uwatu huo, usishtuke. Mtoto akianza kuhara, punguza. Mtoto mwenyewe asipewe maji ya uwatu kwa ajili ya mchango wa tumbo. Chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Mzazi mwenye kisukari asile uji huu kama dawa, kwa sababu unga wa mchele utaipandisha sukari ambayo uwatu unajaribu kuituliza.

Mjamzito asiutumie kama dawa kabisa. Unaweza kuchochea kizazi kukaza. Punje chache ndani ya achari au mchuzi hazina neno.

Asiyeweza kutafuna punje ana njia nyingine, ile ya nyumba zenye asili ya Yemeni. Kijiko cha mezani cha unga wa uwatu tia kwenye kikombe cha maji, acha saa 3 au zaidi mpaka utuame. Mwaga maji ya juu, kisha upige uwatu kwa uma au mwiko bila kuchoka mpaka ugeuke mweupe, uumuke kama povu zito. Tia chumvi, ndimu, pilipili mbichi na kotmiri iliyopondwa, ule na mkate wa mofa au juu ya mchuzi wa nyama. Ukikataa kuumuka, ama unga ni wa zamani ama hukumwaga maji ya kutosha. Ule siku hiyohiyo, kwani ukilala povu hushuka na maji yakajitenga.