Makovu baada ya kupunguza matiti: yangojewe au yatibiwe?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 34. Miezi mitano iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti, kwa sababu yalinielemea mabega na, kusema kweli, sikuyapenda. Umbo limetokea kama nilivyotaka, ila makovu yamenivunja moyo. Yamezunguka chuchu, yakashuka wima, kisha yakapita chini ya titi zima. Ni meusi kuliko ngozi yangu, na ncha zake za katikati ya kifua zimeinuka na huniwasha, hasa usiku. Shoga yangu ananishauri nipake ndimu na mafuta ya vitamini E. Siku hizi nabadilisha nguo gizani. Hata mume wangu hajayaona. Je, yatafutika? (Jina limehifadhiwa.)

JIBU: Dada yangu, nianze na lililo gumu: kovu halifutiki. Kisu kikishapita hadi tabaka la ndani la ngozi, alama hubaki maisha yote. Kinachowezekana, na kinachotokea kwa wengi, ni alama hiyo kulainika, kulala sawa na ngozi na kufifia. Mshono wa umbo la nanga unaoueleza ni wa kawaida kabisa kwa upasuaji huo, na ulistahili kuchorewa kwenye karatasi kabla hujatia saini ya kukubali.

Hata hivyo, unayahukumu makovu yako mapema. Mwili huziba kidonda kwa kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa ngozi uimara, na katika miezi ya mwanzo huzitengeneza kwa wingi na bila mpangilio, ndiyo maana kovu huwa gumu, lenye rangi kali na la kuwasha. Baadaye huzipunguza na kuzipanga upya taratibu, kazi inayochukua miezi 12 hadi 18.

Kwa hiyo weusi haunitii wasiwasi sana. Ninazozifikiria ni zile ncha za katikati. Simama mbele ya kioo penye mwanga wa mchana, inua titi kwa kiganja, kisha fuata kovu kwa kidole kuanzia ubavuni. Ikiwa uvimbe umebaki juu ya mstari wa mshono tu, hilo ni kovu lililovimba, na mara nyingi hunywea kadiri miezi inavyopita. Ikiwa umevuka mstari na kuingia kwenye ngozi ambayo kisu hakikuigusa, hiyo ni keloidi, nayo haingojewi. Katikati ya kifua ni mahali panapojulikana kwa kuota keloidi, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi, na zaidi kama nyumbani kwenu wapo waliowahi kuota. Iangalie pia sidiria yako, kwa maana waya wake huishia papo hapo panapokuwasha. Vaa isiyo na waya.

Maadamu kidonda kimefunga kabisa, tiba ya kuanzia ni silikoni, ya vipande vya kubandika au ya jeli. Vipande hukaa juu ya kovu saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi miwili au mitatu bila kuruka, na huondolewa ili ngozi ioshwe na kukaushwa. Si dawa ya miujiza, na wanaoibandika wiki moja wakaacha hawapati kitu. Ncha zikizidi kukua, daktari anaweza kuzichoma sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya kovu lenyewe, na kwa kawaida hurudia kila baada ya wiki nne hadi sita. Muulize kwanza kuhusu madoa meupe ambayo sindano hiyo huweza kuacha. Leza, yaani tiba ya kovu kwa miale ya mwanga, ifanywe na mtu aliyezoea ngozi nyeusi, kwani ikikosewa huacha madoa mapya. Kulikata kovu na kulishona upya kwa kawaida husubiri mwaka mmoja, na keloidi ikikatwa bila tiba nyingine ya kuisindikiza hurudi mara nyingi, pengine kubwa kuliko ya awali.

Ndimu iache jikoni. Huunguza ngozi, na ikipata jua huacha weusi mbaya kuliko huo unaoukimbia. Mafuta ya vitamini E hayana ushahidi wa kutosha na baadhi ya watu huwatoa vipele. Krimu za kujichubua usiziguse kabisa. Sehemu ya kovu inayopigwa na jua ipake losheni ya kinga ya kiwango cha 30 au zaidi.

Piga picha ya makovu kila mwezi, mahali pale pale na kwa mwanga ule ule, ili umwonyeshe daktari aliyekufanyia upasuaji au daktari wa ngozi, ambaye kwa hizo ncha ningependa umwone mwezi huu. Ukiona usaha, homa au mshono kuachia, nenda siku hiyo hiyo. Ncha za ubavuni, karibu na kwapa, huwezi kuzipiga picha vizuri peke yako. Hapo utahitaji mtu wa kukushikia simu, na sioni wa kumwomba zaidi ya mume wako.