"She said she is sick" au "she said she was sick"?

Zote mbili sahihi, ila hazitumiki sawa. "Was" ni salama wakati wowote "said" ikitangulia. "Is" inakubalika kama bado anaumwa hadi sasa unapoongea, akishapona, inapotosha. Kinachotuponza ni mazoea ya Kiswahili: tunasema "alisema anaumwa" hata kama ilikuwa mwaka juzi, ile "-na-" haisogei, halafu tunaihamishia kwenye Kiingereza vilevile. Nafundisha kidato cha pili, kosa hili nalisahihisha karibu kila wiki.

Ukianza na "says", usiguse wakati wa kitenzi: "she says she is sick". Ukianza na "said", basi "could", "should" na "might" nazo hubaki zilivyo. "Will" ndiyo hugeuka "would", na "can" huwa "could".

Kwenye mtihani lakini andika "was" tu. Swali la kugeuza kauli halisi kuwa kauli ya taarifa kwa kawaida linapima kama unajua kurudisha wakati nyuma, na "is" inaweza kukukosesha alama ingawa Waingereza wenyewe huitumia kila siku.