Rivolva moja, risasi za aina mbili

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kama mpelelezi wa hadithi unayoiandika anaweza kutia risasi za .38 Special katika rivolva yake (bastola yenye silinda inayozunguka) ya .357 Magnum. Anaweza, kwa sababu risasi ya .357, iliyotoka Marekani mwaka 1935, ilitokana na hiyo ya .38: kipenyo ni kile kile, ingawa namba za majina zinatofautiana, ila ganda la baruti lilirefushwa kwa milimita 3 na ushei, na kwa kuwa risasi hushikwa na ukingo wa kitako chake, ufupi wa ganda hauizuii kukaa mahali pake. Kinyume chake usikiandike. Ganda lilirefushwa makusudi lisiingie katika rivolva ya .38, ambayo haikuundwa kustahimili shinikizo la karibu maradufu. Kuna na jambo dogo, ambalo mimi ningelitumia: risasi fupi zikipigwa nyingi huacha masizi ndani ya tundu la silinda linalokaa risasi, na zile ndefu baadaye hukataa kuingia vizuri. Bastola za magazini (kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini) kwa kawaida hazina uhuru huo, kwa hiyo usizichanganye na rivolva katika sura ya bandarini Mkoani.