Muulize Mwalimu: Je, fizikia itanipunguzia imani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko S5 hapa Jinja, nasoma Fizikia, Kemia na Hisabati. Baba mdogo anasema fizikia itanipunguzia imani, niiache. Mwalimu wetu alitutajia mwanafizikia Mwislamu aliyepata tuzo ya Nobel. Alikuwa nani, na aliwezaje kuwa na yote mawili? – Binti wa Bugembe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo ni Abdus Salam, mzaliwa wa Punjab, upande ambao leo ni Pakistani, mwaka 1926. Alisoma Cambridge, na mwaka 1957 akawa profesa Imperial College, London.

Kazi yake niliifundisha kwa baiskeli. Naiingiza darasani, naipindua isimame kwa tandiko na usukani, nabana dinamo kwenye tairi, mwanafunzi anazungusha pedali. Taa inaanza na wekundu hafifu, mkono ukiongeza kasi inang'aa. Kisha nafungua dinamo mbovu waone cha ndani: sumaku na waya wa shaba uliozungushwa, basi. Bwawa letu la Nalubaale linafanya vivyo hivyo, ila anayezungusha ni Naili. Zamani watu walidhani umeme na sumaku ni vitu mbalimbali. Karne ya 19 ikajulikana ni kani moja, yaani nguvu moja ya asili, yenye sura mbili. Salam akasogea mbele: kani hiyo, na ile kani dhaifu ya ndani ya kiini cha atomu ambayo bila yake jua lisingewaka kama linavyowaka, zina asili moja. Mwaka 1979 akapewa Nobel pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Chembe ambazo nadharia yao ilizitabiri zilionekana kwenye maabara ya fizikia ya CERN, Geneva, mwaka 1983.

Kwenye dhifa ya tuzo, Stockholm, alivaa kilemba na kunukuu Suratul Mulk, pale tunapoambiwa turudishe macho tutazame kama kuna kasoro katika uumbaji. Akasema kadiri tunavyochimba, ndivyo tunavyozidi kustaajabu.

Lakini baba mdogo asikie na hili. Weinberg hakuamini kuwa Mungu yupo, na alifikia nadharia ileile kivyake. Salam mwenyewe alilieleza wazi. Hesabu ni moja kwa anayesali na asiyesali. Kwa hiyo naumia nikisikia mtu anatafuta fomula ndani ya aya; Salam fomula alizitafuta kwa kalamu na karatasi, usiku na mchana.

Utaambiwa pia hakuwa Mwislamu. Alikuwa Muahmadiya, yaani mfuasi wa jumuiya ya Ahmadiyya inayojihesabu ya Kiislamu, na mwaka 1974 bunge la Pakistani lilitangaza kuwa Waahmadiya si Waislamu. Akaacha kazi ya kuishauri serikali kuhusu sayansi. Alifariki Oxford mwaka 1996, akazikwa mjini Rabwah, Pakistani, na neno "Mwislamu" likafutwa kwenye jiwe la kaburi lake. Mimi ni Sunni, na jiwe lile linaniuma.

Zamani, aliporudi Lahore, Pakistani, mwaka 1951 hakuwa na mwenzake wa kujadiliana naye fizikia, mpaka akalazimika kuondoka tena. Ndipo mwaka 1964 akaanzisha kituo Trieste, Italia, ili wanasayansi wa nchi kama zetu wapate pa kwenda kufanya utafiti na kurudi makwao.

Usiiache fizikia. Usiku mmoja tafuta baiskeli yenye dinamo, ipindue uani, mwache baba mdogo azungushe pedali mwenyewe. Taa ikiwaka, mwombe akusomee Suratul Mulk, aya ya tatu na ya nne.