Petro naye aliuliza habari za mwenzake

Swali lenu la wiki hii, "Mwanamke Mkristo afanyeje anapojikuta kila mara anajilinganisha na wenzake?", nimelisoma nikiwa kwenye cherehani yangu hapa Ngamiani, Tanga. Najua wengi watajibu aweke simu pembeni. Mie sikubaliani sana. Simu inakuonyesha mtu wa Dar ambaye hamtakutana maisha. Anayekunyima usingizi ni wa karibu: mliyeimba naye kwaya, mkaolewa mwaka mmoja, mkaanza kikoba pamoja, na leo yeye ana kiwanja Pongwe, wewe bado unahangaika na kodi ya chumba.

Karibu na Pasaka kikundi cha akina mama wa kanisa huniletea vitenge vya sare, kusudi wote wafanane. Jioni mmoja anarudi peke yake, anafungua picha, anaivuta kwa vidole viwili mpaka shingoni. "Fundi, hapa nitilie lesi, na mikono iwe ya kujaa. Ila fulani usimwambie." Keshoye huyo fulani naye yuko mlangoni, ombi lilelile. Mie napata hela, sikatai. Lakini nikiwaona Jumapili kwenye benchi moja, kila mmoja anakagua shingo ya mwenziwe.

Biblia haijaficha mambo haya. Someni Mwanzo 29 na 30. Raheli alikuwa mzuri wa uso na mume alimpenda, ila mtoto hana. Akamwonea wivu dada yake hata akamwambia Yakobo ampe wana, la sivyo atakufa. Lea naye watoto alikuwa nao, tena wa kiume, na kila akijifungua anahesabu kwamba sasa mume atamgeukia. Wamefika mpaka kugombania tunguja za kijana wa Lea! Hao ni ndugu wa baba mmoja, kila mmoja analilia kilichomo nyumbani kwa mwenziwe. Mahubiri mengi niliyosikia hutuambia tuwe kama huyu au kama yule. Mimi naona wote wawili walikuwa na njaa, na hakuna aliyejua kwamba mwenziwe naye anaumia.

Halafu kuna Petro, kwenye Yohana 21. Ametoka kusamehewa, amepewa kazi ya kulisha kondoo, ameambiwa na kifo kitakachompata. Akageuka, akamwona yule mwanafunzi mwingine: Bwana, na huyu je? Yesu hakumwambia kwamba yeye ni bora, wala hakumbembeleza. Alimjibu kwamba hayo ya mwenzake hayamhusu, yeye amfuate. Jibu kali, lakini kwangu linaponya kuliko yale ya "wewe ni malkia" tunayotumiana kila asubuhi. Umalkia nao unataka mtu wa kumzidi.

Kwa hiyo mteja akianza habari za fulani, namuuliza ya kwake. Yupo mama mmoja anayekaanga vitumbua alfajiri na kulea wajukuu wawili, alikuwa haachi kumtaja jirani mwenye duka. Nikamuuliza wajukuu wamefika darasa la ngapi. Tulikaa hadi taa za barabarani zikawaka, duka halikutajwa tena. Sikusema amepona, wiki iliyofuata alirudi nalo.

Na viongozi wetu wa kanisa nao wasikie. Mnada wa mavuno sina neno nao. Jogoo anapandishwa bei, watu wanacheka, tunarudi na mikungu ya ndizi. Shida ni bahasha za sadaka zinaposomwa jina kwa jina na kiasi chake. Mjane aliyetoa elfu mbili anainama, anatafuta kwenye pochi kitu ambacho hakimo. Kwenye Marko 12 Yesu aliketi kuelekea sanduku la hazina, na yule mjane aliyetia senti mbili ndiye Yesu alimtaja kuwa ametia zaidi ya wote. Sasa sisi tunawafundisha akina mama kujilinganisha hapohapo madhabahuni, kisha tunawaandalia semina ya kuacha.

Kikundi chetu cha wanawake kimeomba isomwe jumla tu, bila majina. Mhazini amepinga, anasema makusanyo yatashuka. Huenda yakashuka kweli. Tumekubaliana tujaribu kwenye mavuno yajayo, na yeye ndiye atakayehesabu.

Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga